Sahani Mbili, Goti Moja

Leo nimeingia studioni na kopo. Ni kopo jeupe la plastiki lenye kifuniko cha kijani, na ndani umebaki unga wa kahawia kiasi cha vijiko vitatu. Jina la bidhaa sitalisoma na aliyeiuza simtaji, maana sikuja hapa kugombana na mtu. Nitakusomea mstari mmoja tu, uliochapwa chini ya picha ya goti linalowaka moto: "Utafiti umethibitisha kuwa flavonoidi huzima uvimbe kwenye seli za viungo na seli za kinga ya mwili."

Kopo ni la mama yangu mdogo. Anakaa Tanga, na ana baridi yabisi, ile inayoshika vifundo vya vidole vya mikono yote miwili, kulia na kushoto, kama iliyopimwa kwa mizani. Alfajiri hawezi kufungua kifuniko cha chupa ya chai mpaka jua litoke vizuri. Nguo anafua, kuzikamua hawezi. Nilikwenda kumjulia hali, nikampa shikamoo, akaitikia marahaba na kuninyooshea mkono, na ule mkono ulikuwa wa moto. Nikamuuliza, "Mamdogo, dawa za hospitali unakunywa?"

"Nimezipumzisha kidogo, mwanangu. Zinanivuruga tumbo. Huu unga ni majani matupu, halafu umethibitishwa. Hebu soma mwenyewe hapo."

Nikasoma. Hiyo "kidogo" yake ilikuwa imefika miezi minne.

Tangu siku hiyo mstari huu haunitoki kichwani. Ungekuwa uongo mtupu, kazi yangu jioni hii ingekuwa nyepesi: ningesema ni uongo, tukapiga muziki. Tabu ni kwamba kila neno lililomo lina utafiti nyuma yake. Flavonoidi zipo. Seli hizo zipo. Uvimbe umezimwa kweli, tena mara nyingi, na watu wanaojua kazi yao. Sasa kwa nini vidole vya mama mdogo vimezidi kupinda?

Tuanzie jikoni. Chukua kitunguu maji chekundu. Ile rangi yake ni flavonoidi za ukoo unaoitwa anthosianini, na ndugu zake ndio wanaotia wekundu juisi ya choya na kupaka ulimi wa mtoto aliyeiba zambarau. Humo humo kwenye kitunguu kuna flavonoidi nyingine, ya manjano hafifu, inaitwa kwersetini, na imejazana zaidi kwenye matabaka ya nje, yale tunayoyamenya kwa pupa na kuyatupa. Machungwa yana hesperidini, hasa kwenye ile nyama nyeupe chini ya ganda ambayo nayo tunaitupa. Majani mabichi ya chai yamejaa katechini. Wakemia wamekwisha kuhesabu flavonoidi zaidi ya 6,000, na zote zina kiunzi kimoja: kaboni 15, pete mbili na daraja katikati. Mmea huzitengeneza kwa shida zake wenyewe, kujikinga na jua kali, kuita nyuki, kupigana na ukungu. Hakuna mmea uliowahi kufikiria goti la mtu.

Na wazee wa pwani mnaonisikiliza, mnaijua tambuu. Jani, popoo, chokaa, tumbaku, na katu. Hiyo katu hupatikana kwa kuchemsha moyo wa mti mmoja wa jamii ya migunga huko Bara Hindi, na kwa lugha ya maduka ya dawa ya zamani iliitwa katechu. Wakemia wa Ulaya walipoichambua wakapata kitu kichungu chenye kukaza ulimi, wakakipa jina la huko huko kilikotoka: katechini. Kwa hiyo neno hili linaloonekana geni kwenye pakiti za chai ya kijani, mabibi zetu walikuwa wakilitafuna barazani. Lakini msikimbilie tambuu kwa sababu hiyo, tafadhali. Wakala wa saratani wa Shirika la Afya Duniani umeiweka popoo kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha saratani ya kinywa, iwe na tumbaku au bila tumbaku.

Na si mara ya kwanza flavonoidi kuinuliwa kisha kushushwa. Mwaka 1936 huko Hungary, Albert Szent-Györgyi, yule aliyetenga vitamini C na kupata Tuzo ya Nobeli mwaka uliofuata, alitangaza pamoja na István Rusznyák kwamba wamepata vitamini mpya. Walikuwa wametumia maji ya malimau na pilipili hoho nyekundu kwa wagonjwa waliokuwa wakivuja damu chini ya ngozi, na wakaona mchanganyiko ule usiosafishwa unafanya kazi ambayo vitamini C safi haikuifanya. Wakakiita kitu hicho vitamini P. Kilikuwa flavonoidi. Wengine walipojaribu kurudia hawakuona kuwa mtu akizikosa anaugua, na kitu usichougua ukikikosa hakiitwi vitamini. Miaka kama 15 baadaye jina likafutwa kwenye vitabu. Kwenye makopo bado unalikuta.

Sasa twende kwenye goti. Mahali mifupa miwili inapokutana, kila mfupa umevikwa gegedu, lile jeupe linaloteleza unalolitafuna mwishoni mwa mfupa wa kuku. Kiungo kizima kimezungushiwa mfuko, na ndani ya mfuko huo kuna utando mwembamba sana, wa seli mbili tatu tu kwa unene. Seli za utando huu ni za aina mbili. Kuna makrofeji, ambazo ni seli za kinga, kazi yake kumeza takataka na kukagua wageni. Na kuna seli za nyuzi zinazotoa ute wa kulainisha kiungo. Fundi baiskeli angenielewa mara moja: mmoja anafagia, mwenzake anapaka grisi.

Wazee walisema la mgambo likilia kuna jambo. Mwili nao una baragumu lake. Makrofeji ikikutana na kidudu, au ukijikwaa ukaumia goti, inamwaga molekuli za kupiga mbiu. Maarufu kuliko zote inaitwa TNF, na wenzake ni hawa wa ukoo wa intalukini, namba 1 na namba 6. Molekuli hizi zinagonga mlango wa seli ya jirani. Ndani ya seli ile kuna protini inayoitwa NF-kappa-B, iliyotambuliwa na Ranjan Sen na David Baltimore kule Marekani mwaka 1986. Protini hii siku zote imefungwa kamba. Mlango ukigongwa, vimeng'enya vinapokezana ujumbe, kila kimoja kinamtia mwenzake chembe ya fosfati, mpaka kamba inakatwa. NF-kappa-B inaingia kwenye kiini cha seli na kuamsha mamia ya jeni: nyingine za kutengeneza TNF zaidi, nyingine za vimeng'enya vinavyotafuna gegedu, nyingine za kutoa prostaglandini, ambazo ndizo zinazotuletea maumivu na joto. Hali hii vitabu vya tiba vinaiita mchochota. Sisi nyumbani tunasema pamevimba, panawaka.

Mtu aliyejikwaa, baragumu linanyamaza baada ya siku chache. Kwenye baridi yabisi linalia na jambo halipo. Linalia mwaka hadi mwaka. Ule utando wa seli mbili tatu unanenepa, unaota mishipa ya damu, unatambaa juu ya gegedu na kulila. Madaktari wanauita panasi, neno la Kilatini lenye maana ya kitambaa, na kwa kweli ndivyo unavyofunika, kama kitambaa kilicholowa. Ugonjwa huu unampata karibu mtu mmoja katika kila watu mia, na wanawake mara mbili hadi tatu kuliko wanaume.

Naomba hapa niweke alama. Si kila kiungo kinachouma ni hicho. Kuna goti lililosagika kwa umri na uzito. Kuna gauti, ambako fuwele za asidi ya yuriki zinachoma dole gumba la mguu usiku wa manane. Kuna chikungunya, ambayo jina lake limetoka kwenye Kimakonde kwa jinsi inavyomkunja mtu, tangu ilipotambuliwa uwanda wa juu wa Makonde, upande wa Newala, mwaka 1952 na 1953. Lamu iliwapiga karibu robo tatu ya wakazi mwaka 2004, na wako waliobaki na maumivu ya viungo kwa miezi mingi. Hayo ni magonjwa manne, na kila moja lina tiba yake. Kopo hili linaahidi kuyaponya yote kwa kijiko kimoja cha asubuhi.

Turudi kwenye ule mstari. Huo uthibitisho ulipatikana wapi?

Ulipatikana kwenye sahani. Si sahani ya wali. Ni kisahani cha maabara, cha plastiki, kinaenea kwenye kiganja. Mgonjwa anapofanyiwa upasuaji wa kuwekewa goti la bandia, daktari anaomba kipande cha utando au cha gegedu lililotolewa, seli zinachambuliwa na kuoteshwa humo kwa chakula maalumu. Mtafiti anatia TNF au intalukini 1 ili kupiga mbiu, na seli zinaanza vurugu zile zile za ndani ya goti. Kisha anatia kwersetini, au luteolini, au ile katechini kubwa ya chai ya kijani wanayoiita EGCG, na kupima. Mara kwa mara majibu yamekuwa mazuri. TNF inapungua, vimeng'enya vya kutafuna gegedu vinapungua, NF-kappa-B inabaki kwenye kamba yake.

Na si muujiza, sababu inaeleweka. Molekuli ya flavonoidi kama kwersetini ni bapa, imelala kama chapati, na vimeng'enya vinavyopokezana zile fosfati vina mfuko mwembamba wa kushikia nishati. Flavonoidi inajipenyeza kwenye mfuko huo na kuketi mahali pasipo pake, kazi ikasimama. Watafiti wa kampuni ya Eli Lilly walilifuata umbo la kwersetini wakatengeneza molekuli mpya, LY294002, iliyotangazwa mwaka 1994, na kwa miaka mingi imekuwa chombo cha kawaida maabara kote duniani cha kuzimia kimoja cha vimeng'enya hivyo. Kwa maoni yangu hilo ndilo jambo kubwa zaidi kitunguu kilichowahi kulifanyia sayansi ya mchochota, na hakuna kopo linalolitaja.

Baada ya visahani wakaja panya. Mwaka 1999 Tariq Haqqi na wenzake, huko Cleveland, Marekani, waliwachoma panya sindano inayoamsha ugonjwa unaofanana na baridi yabisi. Baadhi walitiliwa viambata vya chai ya kijani kwenye maji yao ya kunywa. Katika majaribio matatu, panya waliokunywa maji matupu waliugua kati ya asilimia 84 na 100. Waliokunywa chai waliugua kati ya asilimia 33 na 50. Lakini sikiliza vizuri: panya hawa walianza kunywa kabla ugonjwa haujaanza. Hakuna mtu anayeanza kunywa dawa ya baridi yabisi kabla hajajua kuwa ataipata.

Mpaka hapa kopo halijadanganya.

Sasa tuchukue sahani ya pili, ile ya chakula, tukifuate kitunguu safari nzima. Unakula kachumbari yako. Kwersetini ya kwenye kitunguu imeshikana na sukari, na hilo ni jambo jema, maana utumbo mwembamba unaijua sukari na kuipokea. Mwaka 1995 watafiti wa Uholanzi wakiongozwa na Peter Hollman walipima hili kwa watu tisa waliokuwa wamekwisha kuondolewa utumbo mpana, ili kuona nini kimebaki baada ya utumbo mwembamba kufanya kazi yake. Kwersetini ya kitunguu ilifyonzwa asilimia 52. Ile iliyoshikana na sukari ya aina nyingine, kama ilivyo kwa sehemu kubwa kwenye chai, asilimia 17. Kitunguu kiliwashinda wote, na hata vidonge vya kwersetini safi vilipata 24 tu.

Ukadhani tumeshinda. Lakini ukuta wa utumbo na ini havifahamu kuwa kwersetini ni rafiki. Kwa ini, hiki ni kitu kigeni kilichoingia nyumbani, na kila kigeni kinavalishwa mzigo wa asidi ya glukuroni au wa salfeti ili figo zikikamate na kukitoa kwenye mkojo. Kwa hiyo kinachozunguka kwenye damu si kwersetini uliyoila. Ni kwersetini iliyofungwa pingu. Na ni kidogo. Visahani vya maabara mara nyingi hutiwa kipimo cha maikromoli 10 mpaka 50 kwa lita. Kwenye damu ya mtu aliyekula chakula cha kawaida, ni nadra kuipita moja. Ni sawa na kumwaga nusu kilo ya pilipili kwenye chungu, watu wakatokwa jasho, kisha kutangaza kwamba pilipili moja nayo inatoa jasho lile lile.

Kwa haki lazima niseme na la upande wa pili. Mwaka 2008 watafiti wa Japani walionyesha kwamba makrofeji, zile seli za kufagia, zinaweza kukata pingu hizo. Walikuwa wanaangalia mishipa ya damu iliyougua, si viungo, lakini makrofeji ndizo zile zile zinazojaa kwenye goti lililovimba. Kama na huko zinafanya hivyo, basi kwersetini kidogo inaweza kufunguliwa pale pale penye moto. Ni wazo zuri, na napenda liwe kweli. Kulipenda hakutoshi kuliandika kwenye kopo.

Na kuna lile neno tamu la wauzaji, "antioksidanti". Mwaka 2004 Silvina Lotito na Balz Frei, huko Oregon, walitaka kujua kwa nini mtu akila matufaha nguvu ya damu ya kupambana na oksidesheni inapanda. Wengi waliamini ni flavonoidi. Wakakuta ni asidi ya yuriki: sukari ya tunda, yaani fruktosi, inaongeza asidi hiyo kwenye damu, nayo ndiyo ilikuwa inapandisha kipimo. Asidi ya yuriki, msikilizaji! Ile ile ya gauti. Mwenye gauti akishangilia kipimo hicho atakuwa anashangilia adui yake.

Basi twende kwa wagonjwa wenyewe, maana mwisho wa yote wao ndio wenye kesi. Majaribio ni machache na ni madogo. Mwaka 2017 watafiti wa Iran walichapisha matokeo ya wanawake 50 wenye baridi yabisi. Nusu walipewa miligramu 500 za kwersetini kila siku kwa wiki nane, nusu vidonge vya bandia, na hakuna aliyejua yuko kundi gani. Waliopewa kwersetini walipungukiwa na ukakamavu wa asubuhi na maumivu, na TNF yao ilishuka. Miaka minane kabla, wenzao wa Korea walijaribu kwersetini pamoja na vitamini C kwa wagonjwa 20, kwa wiki nne kila duru, na hawakuona tofauti yoyote. Muda na idadi ya watu vilitofautiana, kwa hiyo huwezi kuyagonganisha ukasema huyu kweli, yule uongo. Unachoweza kusema ni kwamba wanawake 50 ni wachache mno kwa ahadi kubwa kama hii.

Miligramu 500 hizo nimezipigia hesabu ya sokoni. Kitunguu chekundu kina kwersetini kama miligramu 30 katika kila gramu 100, hupanda hushuka. Ili uzipate kwa kula, utahitaji kilo moja na zaidi ya nusu ya vitunguu kila siku. Mama ntilie wa mtaani kwetu aliposikia hesabu hiyo alicheka mpaka akaweka mwiko chini.

Mtu ataniuliza: basi kisahani cha maabara hakina maana? Kina maana sana, na ushahidi mkubwa ni wa ugonjwa huu huu. Miaka ya 1980 huko London, Marc Feldmann na Ravinder Maini walichukua seli za viungo vya wagonjwa, wakaziotesha, wakazizibia TNF peke yake. Mabaragumu mengine yakashuka sauti. Hilo lilichapishwa mwaka 1989. Wakajaribu kwa panya. Mwaka 1992 wakawachoma wagonjwa wa kwanza kingamwili inayokamata TNF, na watu waliokuwa hawawezi kupanda ngazi wakapanda. Leo dawa za ukoo huo zinatumika duniani kote. Walianzia kwenye kisahani kama wenzao wa flavonoidi. Lakini dawa yao iliingia kwenye damu kwa sindano, ikafika kwenye kiungo ikiwa nzima na kwa kipimo kile kile walichokikusudia, kisha wakahesabu wagonjwa mmoja mmoja.

Tena walivyofaulu hivyo, ndivyo walivyoonyesha hatari. Mwaka 2001 ilibainika kwamba dawa hizo zinaweza kuamsha kifua kikuu kilichokuwa kimelala, kwa sababu TNF ndiyo inayowashika bakteria wale kizuizini. Kwetu sisi, ambako watu wengi wamekibeba kifua kikuu bila kujijua, hilo si jambo la kupuuza. Hospitali humpima mgonjwa kwanza kabla ya kumpa. Kwa hiyo mtu anayekuuzia kitu akidai kinazima kinga "kabisa", muulize anajua anazima nini.

"Lakini ni majani tu, hayana madhara." Mama mdogo aliniambia hivyo, na najua wewe nawe umeshaambiwa hivyo. Huko Marekani kulikuwa na bidhaa iitwayo Limbrel, iliyoingia sokoni mwaka 2004 kwa ajili ya magoti yaliyosagika. Ndani yake zilikuwa flavonoidi mbili: baikalini kutoka kwenye mzizi wa dawa za Kichina, na katechini. Ndiyo, ya katu, kutoka mti ule ule wa tambuu. Ilitolewa kwa maelekezo ya daktari, tena kwa jina la heshima, chakula cha tiba. Taarifa zikaanza kuja za watu walioharibika ini na wengine mapafu. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo, FDA, ikasema imepokea taarifa 194 za madhara, ikataka bidhaa iondolewe, na Januari 2018 ikaondolewa. Hizo zilikuwa flavonoidi halisi, si za kughushi, zimekolezwa kuliko chakula chochote kinavyoweza kuzikoleza.

Za kughushi nazo zipo. Mwaka 2022 FDA hiyo hiyo ilionya kuhusu vidonge vya Artri King, vilivyouzwa kama mitishamba ya viungo. Walipovipima wakakuta diklofenaki na deksamethasoni, dawa za kiwandani ambazo hazikuandikwa popote kwenye pakiti. Deksamethasoni inatuliza maumivu kwa kasi ya ajabu, ndiyo maana mnunuzi anarudi na kumleta jirani. Lakini ni steroidi. Ukiinywa miezi mingi, mwili unaacha kutengeneza ya kwake, na siku ukiiacha ghafla unaweza kupoteza maisha. Sisemi kopo hili la mama mdogo limetiwa kitu, sijalipima. Nasema tu kwamba unga unaokupa nafuu usiku ule ule haukupi nafuu kwa flavonoidi. Flavonoidi hazina mbio hizo.

Chakula ni habari nyingine. Kula vitunguu, kula mchicha, machungwa, kunywa chai ya rangi, kunywa choya bila kuijaza sukari. Mchuzi usiumwage, maana ukichemsha kitunguu sehemu ya kwersetini inahamia kwenye maji. Utafiti wa mji wa Zutphen, Uholanzi, uliochapishwa mwaka 1993, ulifuatilia wazee wanaume 805, na waliokula flavonoidi nyingi, hasa kwa chai, vitunguu na matufaha, walikufa kwa ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko wenzao. Ni moyo, si magoti, na wanywa chai wa Zutphen huenda walitofautiana na wenzao kwa mengi mengine. Lakini hakuna aliyedhurika na kachumbari. Kwa wajawazito na wenye upungufu wa damu, chai inywewe mbali na mlo, kwa sababu inazuia madini ya chuma. Na ukiwa na dawa za presha au za mafuta kwenye damu, muulize mfamasia kabla ya kunywa juisi ya balungi, kwani inaweza kuzidisha dawa mwilini kupita kiasi.

Mama mdogo alirudi kliniki. Daktari hakumgombeza, na hilo lilimsaidia kuliko maneno yangu yote. Alimsikiliza kuhusu tumbo, akamwongezea vidonge vya asidi ya foliki, na tumbo likatulia. Dawa yake, methotreksati, anakunywa kila Ijumaa. Mara moja kwa wiki, narudia, si kila siku. Wapo waliokosea wakainywa kila siku na hawakupona. Mkono wake sasa si wa moto. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilivyopinda katika ile miezi minne havitanyooka tena, na chupa ya chai anafunguliwa na mjukuu.

Nawe unayenisikiliza, kama ukiamka viungo vinakaza kwa zaidi ya nusu saa, na vifundo vimevimba kwa wiki sita sasa, usisubiri ya saba. Nenda hospitali. Na kopo lako lichukue, hata kama limebaki tupu, umwekee daktari mezani asome mwenyewe.